Mrushaji mpira aliyeahidi kuitunza Dominika



Mwaka 1880, katika mji mdogo wa Factoryville, Pennsylvania, nchini Marekani, alizaliwa Christy Mathewson. Alipoamua kuishi kwa kucheza besiboli, alimwahidi mama yake kwamba hatarusha mpira siku ya Jumapili.

Katika mchezo huo, mrushaji humtupia mpira mpinzani aliyeshika gongo, naye hujaribu kuupiga. Wachezaji wengi wa enzi hizo walisifika kwa ulevi na kamari, lakini Mathewson alitoka chuo kikuu akajiunga na Giants ya New York mwaka 1900. Oktoba 1905, katika fainali dhidi ya Philadelphia, alirusha mechi 3 ndani ya siku 6, na wapinzani hawakupata hata pointi 1. Hadi anastaafu alikuwa ameshinda mechi 373. Timu ilizoea kumkosa siku za Jumapili.

Hakuwa malaika. Mwaka 1917, akiwa kocha wa Cincinnati, alikamatwa jijini New York pamoja na kocha mwenzake kwa kuchezesha timu Jumapili kinyume cha sheria, ingawa hakimu aliwaachia. Ahadi ya ujana ni rahisi kuitoa. Kuitunza hadi utu uzima ni kazi ya kila siku.

Jaribu kubwa lilikuja 1918. Mathewson alimshuku mchezaji wake mwenyewe, Hal Chase, kuwa anauza mechi, akamsimamisha. Kisha akaenda vitani Ufaransa akiwa kapteni. Shauri liliposikilizwa alikuwa mbali, na Chase akaonekana hana hatia. Mwaka huohuo wa 1919, wachezaji wa Chicago waliuza fainali kwa wacheza kamari, na baadaye 8 wakafungiwa maisha. Onyo lilikuwa limetolewa mapema. Wakubwa hawakulifanyia kazi.

Kule Ufaransa Mathewson alivuta gesi ya sumu mazoezini. Akarudi mdhaifu, akaugua kifua kikuu, akafariki Saranac Lake tarehe 7 Oktoba 1925, akiwa na miaka 45. Mwaka 1936 alikuwa mmoja wa wachezaji 5 wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli.

Mpendwa, leo kijana wetu anaweza kubeti akiwa kwenye benchi la kanisa, simu mkononi, huku padre anahubiri. Na mzazi anayejua fedha hizo zimetoka wapi hunyamaza, maana zimenunua unga. Yesu anatufundisha kwamba aliye mwaminifu katika dogo ataaminiwa katika kubwa. Mathewson alisema ukweli, wakamwachia huru aliyemshuku. Je, wewe ungesema, ukijua huenda usisikilizwe?

Jibu hilo tulipeleke altareni leo. Nawatakia Dominika njema.