Mtakatifu Yohane Bosco: Mchezaji wa Sarakasi Aliyekuwa Padre wa Vijana

Kila mwaka tarehe 31 Januari Mama Kanisa anafanya kumbukumbu ya Mtakatifu Yohane Bosco, Padre. Waamini wengi wanamfahamu kama mwanzilishi wa Shirika la Wasalesiani, ambao wapo pia hapa Moshi. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kuvaa kanzu alikuwa mtumbuizaji: alicheza sarakasi, alifanya mazingaombwe na kupiga fidla. Maisha yake yanawafaa sana wazazi na makatekista wa Mwika na parokia zetu zote za mlimani, wanaojiuliza kama michezo inawaleta vijana kwa Mungu au inawapeleka mbali naye.

Yohane alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, kwenye vilima vya Piemonte, kaskazini mwa Italia. Ilikuwa nchi ya wakulima wadogo wa mizabibu, wenye mashamba ya urithi na siku za soko zilizokusanya watu wa vijiji vyote, kama tunavyoona sokoni Mwika. Baba yake, Francesco, alifariki mwaka 1817, Yohane akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita Occhiena, akabaki na watoto, shamba na mama mkwe mgonjwa.

Akiwa na umri wa miaka tisa hivi, Yohane aliota ndoto iliyomwongoza maisha yake yote. Aliona kundi la watoto wakicheza na kutukana, akawavamia kwa ngumi. Ndipo alipotokewa na mtu mwenye heshima, akamfundisha kwamba watoto hao watavutwa kwa upole na mapendo, wala si kwa mapigo.

Kijana huyo alianza na kile alichokuwa nacho. Siku za soko na sikukuu aliwatazama kwa makini wachezaji wa sarakasi na mazingaombwe, kisha akarudi nyumbani kujifunza, akianguka na kuinuka. Siku za Jumapili alifunga kamba kati ya miti miwili, akatembea juu yake mbele ya majirani. Kiingilio hakikuwa fedha. Kwanza walisali Rozari, kisha akawasimulia mahubiri aliyoyasikia kanisani asubuhi. Aliyekataa kusali hakuruhusiwa kutazama.

Hata hivyo, nyumbani hapakuwa na amani. Antonio, kaka yake wa mama mwingine, alitaka mikono ya kulima na hakupenda kumwona mdogo wake na kitabu. Februari 1828 Yohane, akiwa na miaka 12, aliondoka kwenda kufanya kazi ya utumishi katika shamba la familia ya Moglia.

Mwaka 1831 alifika mjini Chieri kusoma, na huko akaanzisha na wenzake Chama cha Furaha. Wakati fulani mwanasarakasi mmoja alikuwa akiwavuta vijana mbali na ibada kwa maonyesho yake. Yohane alishindana naye katika mbio, kuruka mfereji, kuchezesha fimbo na kupanda mti, akamshinda mara zote. Mtu yule alipoteza fedha zake zote za dau. Vijana walimrudishia kwa sharti la kuwalipia chakula cha mchana, naye akaondoka bila kuaibishwa zaidi.

Oktoba 1835 Yohane alivaa kanzu na kuingia seminari. Aliazimia kuacha maonyesho ya hadhara, mazingaombwe na sarakasi. Baadaye, wakati wa likizo, aliombwa kupiga fidla nyumbani kwa jamaa zake. Alipogundua kwamba watu walikuwa wakicheza dansi nje kwa muziki wake, alirudi nyumbani akaivunja fidla ile. Haikuwa rahisi kwake, kwa maana aliacha kitu alichokipenda na kilichompatia sifa.

Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mjini Torino tarehe 5 Juni 1841. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, katika sakristia, alikutana na Bartolomeo Garelli, kijana mjenzi asiyejua kusoma wala kuandika. Padre alimwuliza kama anajua kupiga mluzi. Kijana akatabasamu, na katekesi ikaanza. Hivyo vipaji vilivyokuwa vimewekwa kando vilirudi, safari hii kwa ajili ya watoto maskini. Huko Valdocco, alikopata makao ya kudumu mwaka 1846, palikuwa na sala na Sakramenti, pamoja na mpira, kwaya, bendi na maigizo.

Baadhi ya mapadre waliona anaushusha hadhi upadre, wakadhani amerukwa na akili. Wawili walikuja na gari la farasi ili wampeleke hospitali ya wagonjwa wa akili. Yeye aliwaachia watangulie kupanda, akafunga mlango, akamwamuru dereva aondoke nao.

Alifariki tarehe 31 Januari 1888, na Papa Pio XI akamtangaza kuwa Mtakatifu Jumapili ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Miaka mia moja baada ya kifo chake, Mtakatifu Yohane Paulo II alimpa jina la Baba na Mwalimu wa Vijana.

Wapendwa waamini, Yohane Bosco aliacha vipaji vyake pale vilipomletea sifa yeye mwenyewe, akavirudia pale vilipomsaidia kijana kumfikia Kristo. Tunapoandaa michezo, kwaya na maigizo parokiani, tujiulize kama vijana wetu wanamaliza siku wakiwa karibu zaidi na altare.

Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.