Mtakatifu Yohane Maria Vianney, Mwanafunzi Asiyekata Tamaa

Mwaka 1786, katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa, mkulima mmoja alizaliwa mtoto, naye akabatizwa siku ile ile. Huyo ndiye Yohane Maria Vianney.

Siku za utoto wake serikali iliwatesa mapadri, nao wakasoma Misa kwa siri. Mwaka 1799 alipokea Komunyo ya kwanza ndani ya nyumba. Magari ya majani makavu yaliwekwa mbele ya madirisha, ili watu wa nje wasione mwanga wa mishumaa. Alitamani kuwa padri, lakini alikuwa mchungaji wa kondoo na mtu wa jembe. Shuleni alikaa kidogo tu.

Alikuwa na miaka 20 hivi alipoanza kujifunza Kilatini kwa Padri Balley, pamoja na watoto. Neno aliloshika leo, kesho lilikwisha kumtoka. Siku moja mtoto wa miaka 12 alichoka kumsaidia, akampiga mbele ya wenzake. Vianney, mtu mzima, akampigia magoti mtoto yule na kumwomba msamaha.

Mwishowe moyo wake ulilegea, akataka kurudi kwao. Lakini kwanza alikwenda kwa miguu, akiomba chakula njiani, mpaka kaburi la Mtakatifu Yohane Fransisko Regis huko La Louvesc, mwendo wa kilometa 100 hivi. Mungu hakumpa akili nyepesi. Alimpa neema ya kuvumilia. Akarudi kwenye vitabu vyake.

Mwaka 1813 aliingia seminari ya Lyon. Kilatini kikamshinda, akarudishwa. Padri Balley akazidi kumfundisha, naye akazidi kujitahidi. Mwaka 1815, mwenye miaka 29, akapewa upadri.

Mwaka 1818 alitumwa Ars, kijiji cha watu 230 hivi. Siku ya Dominika wengi walilima, walikunywa na kucheza ngoma. Padri Vianney aliamka usiku kusali mbele ya Sakramenti Takatifu, alifunga, aliwafundisha watoto katekisimu, na mahubiri yake aliyashika kwa taabu kubwa. Mavuno hayakuja upesi. Lakini polepole vilabu vya pombe vilifungwa na kanisa likajaa. Baadaye maelfu ya watu walitoka mbali kuungama kwake, hata akakaa katika kiti cha maungamo saa 16 kwa siku. Alikufa tarehe 4 Agosti 1859, na mwaka 1925 Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu.

Neema ni zawadi ya Mungu, hainunuliwi kwa jasho. Mvua nayo hunyesha bure, lakini shamba lisilolimwa huota magugu tu. Basi mkatekumeni anayesahau masomo yake, au aliyeambiwa angoje ubatizo mwaka mwingine, asione haya wala asirudi nyuma. Apige magoti, aombe neema, kisha ashike tena katekisimu yake.