John Kirk: Daktari aliyeipeleka sumu ya mishale ya Shire kwenye maduka ya dawa Ulaya

JINA la Sir John Kirk linafahamika zaidi Zanzibar, ambako alikuwa balozi mdogo wa Uingereza wakati Sultani Barghash alipotia saini, Juni 5, 1873, mkataba wa kufunga soko la watumwa. Wengine wanamjua kwa wanyama waliopewa jina lake, akiwamo kima punju wa msitu wa Jozani. Wachache wanajua kuwa mtu huyu huyu ndiye aliyefungua njia ya biashara ya mbegu moja ya dawa iliyotoka Malawi ya leo, ikashuka kwa mito ya Shire na Zambezi kupitia Msumbiji, na kuishia katika maduka ya dawa ya Ulaya.

Kirk alizaliwa Desemba 19, 1832 huko Barry, Scotland, mtoto wa mchungaji. Alisomea udaktari Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Baada ya kufanya kazi katika hospitali ya majeruhi wa vita vya Crimea, mwaka 1858 aliajiriwa katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi akiwa daktari na mtaalamu wa mimea.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya kibiashara kuliko wengi wanavyodhani. Livingstone aliamini kuwa biashara ya watumwa ingekufa kama bonde la Zambezi lingekuwa na mazao mengine ya kuuza nje, na Kirk ndiye aliyetakiwa kuyatafuta: pamba, nyuzi, mafuta, gundi, dawa.

Haikuwa kazi nyepesi. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mahali ambapo leo kuna bwawa la Cahora Bassa. Kirk aliokoka, lakini daftari zake za mimea na michoro aliyoikusanya kwa muda mrefu vilikwenda na maji. Yeyote aliyewahi kupoteza shehena mtoni bila bima anaweza kukisia hali yake siku ile.

Katika bonde la Shire aliwakuta wawindaji wa Kimang'anja wakipaka mishale yao sumu waliyoiita kombe. Ilitengenezwa kwa mbegu za mmea unaopanda juu ya miti, wenye maganda marefu yanayoota mawili mawili na mbegu zenye manyoya. Mnyama mkubwa kama nyati alianguka kwa sumu hiyo, na nyama yake ililiwa baada ya kukatwa sehemu iliyoingiwa na mshale. Wawindaji hao walijua kuwa kombe inaua ikiingia kwenye damu, ila ikipita tumboni kidogo haina nguvu ile ile. Ujuzi huo walikuwa nao kabla ya maabara yoyote ya Ulaya.

Kirk alikusanya sampuli. Inasimuliwa kuwa sumu ilimwagika katika begi lililokuwa na mswaki wake, naye akaupigia meno bila kujua. Alisikia uchungu mdomoni, kisha akagundua kuwa mapigo ya moyo wake yamepungua kasi. Mtu mwingine angeutupa mswaki na kushukuru Mungu. Kirk, kwa kuwa alikuwa daktari, aliona kuwa hapo kuna dawa ya moyo. (Msomaji asijaribu. Kombe si mmea wa kuchezea.)

Sampuli zilifika bustani ya Kew, London, ambako mmea ulipewa jina la kitaalamu la Strophanthus kombe, na Edinburgh, ambako Dk. Thomas Fraser aliuchunguza kwa miaka mingi. Fraser alitoa kwenye mbegu hizo kiini alichokiita strofanthini, na mwaka 1885 aliwaeleza madaktari wa Uingereza jinsi kinavyoutia nguvu moyo uliochoka. Hapo ndipo soko lilipofunguka. Watengenezaji wa dawa walitaka mbegu, na mbegu zilikuwa Shire.

Njia ya mzigo huo ilikuwa ndefu. Maporomoko ya Shire hayapitiki kwa boti, hivyo mizigo ya nyanda za juu ilibebwa vichwani na wapagazi hadi chini yake, ikapakiwa kwenye boti za mtoni, kisha ikahamishiwa melini kwenye bandari ya Chinde, katika ardhi ya Wareno.

Tatizo kubwa halikuwa usafiri. Aina za Strophanthus ni nyingi na mbegu zake zinafanana. Magunia yalifika London yakiwa na mchanganyiko: nyingine zenye nguvu, nyingine dhaifu, nyingine hazina faida yoyote. Kwa dawa ambayo kipimo kikizidi kidogo mgonjwa anakufa, hilo lilikuwa jambo la hatari. Kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza cha mwaka 1898 kilitaja kuwa mbegu ziwe za kombe, na wanunuzi walizipima kwa tindikali ya salfa: mbegu halali hugeuka rangi ya kijani. Anayevusha magome au mbegu za dawa mpakani leo anaijua kero hiyo, kwani mnunuzi hataki gunia tu, anataka uthibitisho wa kilichomo.

Wakati Fraser akiwa maabara, Kirk alikuwa Zanzibar tangu 1866. Huko alipata doa ambalo wasafirishaji watalielewa. Shehena ya Livingstone, iliyotakiwa kupelekwa Ujiji, ilikaa Bagamoyo kwa miezi huku wapagazi wakila posho. Nyingine ilifika Ujiji, lakini kiongozi wa msafara aliiuza, na Livingstone aliporejea mwaka 1871 hakukuta kitu. Stanley alimshambulia Kirk kwa uzembe. Serikali yake ilimsafisha. Kwa maoni yangu, kosa lake lilikuwa kuagiza mzigo na kudhani kuwa ukishakabidhiwa kwa wakala umeshafika.

Mimea hakuiacha. Huko Mbweni alikuwa na shamba la majaribio, akibadilishana miche na Kew. Aliwaonyesha wafanyabiashara wa pwani mitambaazi ya msituni inayotoa mpira, mmoja wao ukaitwa Landolphia kirkii, na mpira ukawa bidhaa muhimu katika bandari za pwani hii. Aliondoka Zanzibar mwaka 1886.

Mwaka 1895 alitumwa mto Niger kuchunguza shambulio la watu wa Brass dhidi ya kampuni ya Kiingereza. Watu wa Brass walikuwa wachuuzi wa mafuta ya mawese, malighafi ya sabuni za Ulaya, na kampuni ilikuwa imewawekea leseni na ushuru mpaka wakashindwa kuingia kwenye masoko yao ya siku zote. Ripoti ya Kirk ilikubali kuwa masharti hayo yaliwafungia biashara. Kwa mtumishi wa dola aliyesaidia kuijenga himaya hiyo, si jambo dogo.

Kwa wawindaji wa Shire hakuna tume iliyoundwa. Dawa ilibeba neno lao, kombe, na mbegu zao zililipwa kama mazao ya porini, kwa uzito. Ujuzi wa mmea upi ni upi, ambao ndio London iliuhangaikia, haukuwa na mstari wake katika ankara. Makubaliano ya Nagoya, yanayotaka wenye maarifa ya mimea wagawiwe faida, yalipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014.

Kirk alifariki Januari 15, 1922 huko Sevenoaks, Uingereza, akiwa na miaka 89. Kufikia wakati huo madaktari wa Ujerumani walikuwa wakidunga strofanthini kwenye mshipa, njia iliyoanzishwa na Albert Fraenkel mwaka 1906 baada ya kuonekana kuwa dawa ya kunywa haiaminiki. Tumboni kiini hicho hakipiti vizuri, kama walaji wa nyama ya nyati kule Shire walivyokuwa wakijua.