Sheikh Muhammad Abduh na Kitabu Alichokitupa

Sheikh Muhammad Abduh, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa katika nchi ya Misri mwaka wa 1266 wa Hijra, sawa na mwaka wa 1849 wa Miladi, akalelewa katika kijiji cha Mahallat Nasr. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto alifundishwa kusoma na kuandika nyumbani, kisha akapelekwa kwa hafidhi mmoja, akaihifadhi Kurani yote kwa muda wa miaka miwili. Basi hakuwa mtoto mzito wa akili.

Mwaka wa 1862 alipelekwa mji wa Tanta, katika Msikiti wa Ahmadi, ajifunze tajwidi. Baada ya hayo akaingia darasa ya nahau, na hapo ndipo mambo yalipomharibikia. Walimu walikuwa wakisoma matini na sherehe yake, wakizitaja istilahi za wanazuoni kana kwamba kila mtoto amezaliwa nazo, wala hawakumweleza asiyejua. Akakaa mwaka mmoja na nusu asifahamu kitu. Akakata tamaa, akaona kuwa elimu si fungu lake, akatoroka, akajificha kwa wajomba zake miezi mitatu. Nduguye alimtafuta hata akampata, akamrudisha Tanta. Lakini kijana akakusanya nguo zake akarudi kijijini, akaazimia kulima kama jamaa zake wala asishike kitabu tena. Mwaka wa 1865 akaoa.

Hazikupita ila siku arubaini baba yake akamlazimisha kurudi masomoni. Njiani akageuza safari, akakimbilia kijiji cha Kanisat Urin walikokaa jamaa za baba yake. Huko alikuwako mzee mmoja, Sheikh Darwish Khadr, mjomba wa baba yake, mtu wa tarika aliyekuwa amesafiri katika majangwa ya Libya hata akafika Tarabulus. Mzee huyu alimjia na kitabu mkononi, akamwomba amsomee, kwa kuwa macho yake yamedhoofu. Kijana akakataa kwa ukali, na alipopewa kitabu akakitupa mbali. Mzee akatabasamu, akakiokota, akamwomba tena kwa upole. Kijana akaona haya, akasoma mistari michache. Na kila mstari mzee akamfasiria kwa maneno mepesi, hata maana ikamkaa moyoni.

Mara wakaja vijana wenziwe kumwita katika michezo ya farasi, akakiacha kitabu akaenda zao. Mzee hakumkemea wala hakumpiga. Alasiri akarudi na ombi lile lile, na siku ya pili vivyo hivyo. Hata ilipofika siku ya tano, kijana alikuwa akichukia kuitwa mchezoni na kukipenda kitabu. Akakaa na mzee yule siku kumi na tano tu, kisha akarudi Tanta. Darasa aliyoikimbia akaifahamu, na wanafunzi wenziwe wakawa wakimkusanyikia awaeleze. Mwaka wa 1866 akaingia Al-Azhar, na mwaka wa 1877 akapata daraja ya mwanachuoni.

Mambo mengi yalimpata baada ya hapo. Mwaka wa 1882, kwa ajili ya machafuko ya Urabi, alihamishwa nchini mwake. Akakaa Beirut na Paris, na huko Beirut akafundisha katika Madrasa ya Sultania, akirejea Misri mwaka wa 1888. Lakini popote alipokuwa, hakuisahau ile hali ya kuketi darasani asifahamu. Mwaka wa 1892 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Jumuiya ya Kiislamu ya Hisani, iliyofungua madrasa kwa watoto wa maskini, na mwaka wa 1900 akawa raisi wake.

Mwaka wa 1895 aliingia katika baraza la kutengeneza Al-Azhar. Alisimamia mishahara ya walimu, maji, taa, na tabibu wa wanafunzi. Na vitabu alivikuta vimetapanyika katika rawaki, vingine kurasa zimetengana, vingine vimeuzwa kwa thamani duni. Vikakusanywa mahali pamoja, karatasi zikapangwa, na mwaka wa 1897 ikapatikana maktaba moja. Mwaka wa 1899 akawa Mufti wa Misri. Wapinzani wake hawakumwacha, na mwaka wa 1905 akajiuzulu katika baraza lile, mengi aliyoyataka hayajatimia. Mwaka ule ule, tarehe 11 Julai, akafa Iskandaria, akazikwa Kairo. Maktaba ikabaki.

Fikira zake zilivuka bahari katika gazeti la Al-Manar, alilolianzisha mwanafunzi wake Rashid Rida mwaka wa 1898. Lilifika Mombasa, akalisoma Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, naye mwaka wa 1930 akatoa Sahifa kwa Kiswahili, ili asiyejua Kiarabu naye afahamu.

Basi mwenye mtoto aliyekimbia chuo, kabla hajashika bakora wala kusema kuwa mtoto huyu hana kichwa, na amkumbuke Sheikh Darwish. Mufti wa Misri alikuwa karibu kupotelea shambani, akaokolewa na mzee mpole, kitabu kimoja, na siku kumi na tano za subira. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Amin.