Ndaye Mulamba: Kiungo aliyeombolezwa angali hai

NI wanasoka wachache mno ambao wamewahi kukumbukwa kwa dakika moja ya kimya uwanjani ilhali wangali wanapumua. Mmoja wao ni Pierre Ndaye Mulamba, kiungo wa zamani wa timu ya taifa ya Zaire, nchi inayojulikana leo kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mulamba alizaliwa Novemba 4, 1948, mjini Luluabourg, ambao sasa ni Kananga. Alivuma akiwa na klabu ya AS Vita ya Kinshasa, iliyonyakua Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1973. Katika fainali hiyo, Vita ilichapwa 4-2 na Asante Kotoko nchini Ghana kabla ya kulipiza kisasi kwa mabao 3-0 nyumbani.

Lakini ni Machi 1974, nchini Misri, alipojiandikia historia. Mulamba alifunga mabao mawili dhidi ya Guinea, moja dhidi ya Mauritius, na mengine mawili wenyeji walipong'olewa 3-2 katika nusu fainali. Fainali dhidi ya Zambia iliishia sare ya 2-2, mabao yote ya Zaire yakiwa yake. Iliporudiwa siku mbili baadaye, Zaire ilishinda 2-0, na mfungaji alikuwa yeye tena. Jumla ikawa mabao tisa katika fainali moja za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Rais Mobutu Sese Seko aliwazawadia mashujaa wake nyumba na magari. Ikumbukwe kwamba hizo zilikuwa hisani za mtawala, wala si haki ya mkataba ambayo chipukizi anayeinukia Kitengela au Kajiado anaweza kuidai leo. Mobutu huyo huyo hakuwaruhusu nyota wake kuhamia klabu za Ulaya, na hivyo mguu uliokuwa na thamani kubwa barani haukumpa mwenyewe akiba ya uzeeni.

Miezi mitatu baadaye, Zaire ilikuwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza katika fainali za Kombe la Dunia, zilizoandaliwa Ujerumani Magharibi. Baada ya kulazwa 2-0 na Scotland, wachezaji walizozana na maafisa kuhusu marupurupu yao. Walikubali kuteremka uwanjani kukabiliana na Yugoslavia, lakini mioyo ilikuwa imevunjika. Walifungwa 9-0. Katika rabsha ya mapema dhidi ya refa, Omar Delgado wa Colombia, beki Mwepu Ilunga alimpiga teke mwamuzi huyo. Aliyeonyeshwa kadi nyekundu ni Mulamba, ambaye hakuwa na hatia. Mobutu akaipa timu kisogo.

Mwaka 1994 Shirikisho la Soka Afrika lilimtunuku heshima wakati wa fainali za Tunisia. Heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Aliporejea nyumbani, majambazi waliodhani amerudi na utajiri walimvamia, wakampiga risasi mguuni na kumtupa kutoka darajani. Aliuguza majeraha kwa miezi minane. Vita vilipozuka, kifungua mimba wake aliuawa, na mwaka 1996 Mulamba akakimbilia Afrika Kusini akiwa mkimbizi asiye na kitu.

Ndipo mwaka 1998, kwenye fainali za Burkina Faso, ikatangazwa kwamba alikuwa amefia katika mgodi wa almasi nchini Angola. Uwanja ukanyamaza kumwomboleza. Wakati huo Mulamba alikuwa Cape Town, akilinda magari ya watu katika maegesho na kuzamisha majonzi yake katika pombe. Baadaye alioa huko na kuzinoa timu za mtaani.

Magonjwa yalimweka kwenye kiti cha magurudumu miaka yake ya mwisho. Alifariki jijini Johannesburg Januari 26, 2019, akiwa na umri wa miaka 70. Kufikia siku hiyo, karibu miaka 45 ilikuwa imepita bila mchezaji yeyote kuyafikia yale mabao tisa.