Mohamed Amin: Kamera moja Korem, kamera kibao Wembley

Wadau, hapa Msamala kila msimu wa harusi ukifika kuna ubishi hauishi. Vijana wa video wamegawanyika. Wapo wanaosema bila kamera tatu na mashine ya kuchanganyia picha wewe si mpiga video, na wapo wanaoingia ukumbini na kamera moja begani, basi. Mimi kwenye ubishi huo huwa namtaja marehemu Mohamed Amin, ambaye wengi walimwita Mo.

Jamaa alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Familia ikahamia Tanganyika, akakulia na kusoma Dar es Salaam. Alianza na Box Brownie ya mtumba, na mwaka 1963, akiwa kijana wa kama miaka 20, akafungua kampuni yake hapo hapo Dar, Camerapix. Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yakatokea, naye akawahi kuyapiga picha. Mwaka 1966 akakamatwa Visiwani na kukaa gerezani karibu mwezi mzima. Baada ya hapo makao yake yakawa Nairobi.

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi. Mo alifika mapema, akaendelea kupiga hadi ndani ya gari la wagonjwa. Hapo ndipo unaiona kazi ya kamera moja. Kwenye filamu ya kuigiza, kamera moja ni starehe: unapanga taa, unapiga, unahamisha stendi, unamwambia mwigizaji arudie. Kwenye habari, nani atarudia? Inabidi uhariri kichwani huku unapiga. Unachukua eneo zima, unasogea kwa watu, unafika kwenye uso mmoja, halafu unachukua kitu cha pembeni ili mhariri apate pa kuunganishia. Ukikosa kimoja, mkanda unaruka kama CD yenye mikwaruzo.

Oktoba 1984 Mo alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Njaa ilikuwa inaua watu kila siku, na vita vilizidi kuifanya mbaya. Kulikuwa na baridi ya alfajiri, maelfu ya watu chini, na kamera ya Mo. Alipita taratibu, hakurukaruka. BBC waliitoa ripoti ile tarehe 23 Oktoba 1984, ikarushwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Sisi huku Songea hatukuona kitu, maana Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1974, wenzetu!

Ripoti ile ndiyo iliyomgusa mwanamuziki Bob Geldof, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, Wembley kule London na Philadelphia kule Marekani, kwa saa kama 16. Pale sasa ni kamera nyingi kwa mpigo. Kila moja inapeleka picha chumba kimoja, dairekta anaziangalia zote kwenye safu ya skrini na kuamuru ipi iende hewani sekunde ile. Ilikuwa sawa kabisa, kwa sababu mwimbaji haimbi mara mbili na jukwaa linajulikana mapema. Keki ya harusi nayo hukatwa mara moja, kwa hiyo wenye kamera tatu wana hoja. Ila bila mtu wa kuamua, kamera tatu ni fujo mara tatu. Na Korem hakukuwa na jukwaa.

Kinachoniuma ni kwamba watu wanawakumbuka wanamuziki wa Wembley, ila ukiuliza nani alishika kamera kule Korem, kimya.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa kazini. Mwenzake wa sauti, John Mathai, alifariki pale pale. Mo alipoteza mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini na kamera yake. Si mchezo.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Watu watatu wakaiteka, wakataka iende Australia wakati mafuta hayatoshi. Inasimuliwa kuwa Mo alikuwa amesimama akibishana nao hadi mwisho. Ndege ikaangukia baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, Mo akiwemo. Alikuwa na miaka 53.

Ufukweni walikuwepo watalii. Mmoja alikuwa na kamera ndogo ya video, akaielekeza kwenye ndege ile ikishuka, bawa likagusa maji, ikapasuka vipande. Picha zile nazo zilizunguka dunia nzima, na zilipigwa kwa kamera moja.