Masataka Taketsuru, Mjapani aliyefuata wiski mpaka Uskoti

Mtu aliyezoea wiski ya Uskoti, siku anapowekewa mezani chupa kutoka Japani, anajiuliza jambo moja: hii iko karibu na ile anayojua, ao ni kinywaji kingine kabisa? Chupa za Japani ni za namna nyingi, bei yao iko juu, na mwenye kukosea kuchagua anapoteza makuta yake. Ili kuchagua vizuri ni lazima kujua maisha ya mtu mmoja aliyekufa mwaka wa 1979. Jina lake ni Masataka Taketsuru. Yeye njo alipeleka ufundi wa Waskoti Japani, na alipoteza mengi kwa sababu hakutaka kuubadilisha.

Mtoto wa nyumba ya pombe ya mchele

Taketsuru alizaliwa tarehe 20 Juni 1894 katika mji mdogo wa Takehara, jimbo la Hiroshima, kusini mwa Japani. Jamaa yake walikuwa wakitengeneza sake, ni kusema pombe ya mchele, tangu miaka mingi, toka kwa babu mpaka mjukuu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alianguka kwenye ngazi za nyumba akaumia pua vibaya, na kisha kupona akaanza kusikia harufu kuliko watu wengine. Pua ile ilimsaidia katika kazi yake yote.

Ndugu zake wakubwa hawakufuata kazi ya nyumbani, kwa hiyo baba yake alimtegemea yeye. Alipelekwa Osaka kusoma ufundi wa kutengeneza pombe. Lakini kijana alivutwa na vinywaji vya Wazungu. Mwaka wa 1916 akaanza kutumika katika kampuni ya Settsu Shuzo, pale pale Osaka. Siku zile, wiski iliyouzwa Japani kama ya kwao ilikuwa spiriti tu, inatiwa rangi na manukato ili ifanane na ile ya Wazungu. Mkubwa wa kampuni aliona kwamba siku moja watu watakataa uongo ule. Akaamua kumtuma Taketsuru Uskoti akajifunze kazi kwenyewe.

Safari ya mwaka wa 1918

Kijana alipanda meli mwezi wa saba mwaka wa 1918, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa havijaisha. Akapita Marekani, na alipofika Uingereza mwezi wa kumi na mbili, vita vilikuwa vimekwisha. Akaandikishwa kwenye Chuo Kikuu cha Glasgow, masomo ya kemia.

Lakini wiski haijifunzwi kwa kitabu peke yake. Anayejua namna kanyanga ao lutuku inavyopikwa vijijini anaelewa: pombe inachemshwa, mvuke unapanda, unapita katika mrija, unapoa na kutona. Kazi ya Waskoti inafuata njia hiyo hiyo, lakini iko na mambo matatu zaidi. La kwanza, shayiri inaoteshwa kwanza, sawa vile mtama unavyooteshwa kwa pombe ya kienyeji, kisha inakaushwa. Fasi zingine wanaikausha kwa moto wa udongo mweusi wa kinamasi, ule unaochimbwa, unaanikwa na kuwaka kama makala, na moshi wake unabaki ndani ya kinywaji. La pili, pombe inachemshwa ndani ya vyungu vikubwa vya shaba, mara mbili kwa kawaida. La tatu, kinachotoka kinalazwa katika mapipa ya mbao kwa miaka mitatu ao zaidi. Mambo hayo mtu anayajua kwa mikono na pua.

Taketsuru akaanza kubisha hodi kwenye viwanda. Mwezi wa nne mwaka wa 1919, kiwanda cha Longmorn, karibu na mji wa Elgin, kilimpokea kwa siku chache tu. Kisha alitumika Bo'ness, fasi ya mashini kubwa za kutengeneza wiski ya nafaka, ile laini inayotiwa katika wiski za kuchanganya. Mwanzoni mwa 1920 akafika Campbeltown, pembeni mwa bahari, katika kiwanda cha Hazelburn, akakaa miezi kadhaa. Kila alichoona alikiandika: umbo la vyungu, nguvu ya moto, saa za kazi, hata mishahara na namna wafanyakazi walivyopangwa. Alijaza madaftari mawili, akachora picha kwa mkono wake. Madaftari hayo njo yalikuwa msingi wa wiski ya Japani.

Rita

Huko Uskoti alipata kitu kingine. Katika mji wa Kirkintilloch, karibu na Glasgow, alijulishwa kwa jamaa ya daktari mmoja aliyekuwa amekufa hivi karibuni. Binti wa jamaa hiyo aliitwa Jessie Roberta Cowan, watu walimwita Rita. Wakapendana. Mama ya Rita hakukubali, na wazazi wa Taketsuru huko Takehara hawakukubali vile vile. Tarehe 8 Januari 1920 wakaoana Glasgow mbele ya serikali, bila sherehe ya kanisa. Mwisho wa mwaka ule wakasafiri kwenda Japani. Kutoka siku ile Rita aliishi Japani mpaka kufa kwake.

Mkubwa wa kazi na fundi hawapatani

Walipofika Osaka, mambo yalikuwa yamebadilika. Vita vilipokwisha, biashara ilianguka Japani, na Settsu Shuzo haikuwa tena na feza za kujenga kiwanda cha wiski. Taketsuru, na madaftari yake mawili, hakuwa na kazi ya kufanya. Mwaka wa 1922 akaacha kampuni. Akafundisha kemia kwenye shule ya sekondari, na bibi yake akafundisha Kiingereza na piano. Hivyo njo walipata chakula.

Mwaka wa 1923 akaja mfanyabiashara Shinjiro Torii, aliyetajirika kwa kuuza divai tamu. Kampuni yake njo baadaye iliitwa Suntory. Torii alitaka kutengeneza wiski ya kweli, akamwandika Taketsuru kazi kwa miaka kumi.

Ugomvi ulianza juu ya fasi ya kujenga. Taketsuru alitaka kisiwa cha Hokkaido, kaskazini kabisa, sababu huko ni baridi, kuna ukungu na kinamasi sawa Uskoti. Torii alikataa: Hokkaido ni mbali na wanunuzi, na usafiri ungekula faida yote. Kiwanda kikajengwa Yamazaki, kati ya Osaka na Kyoto, fasi ya maji mazuri na mito mitatu inayokutana. Kilimalizika mwaka wa 1924.

Mwaka wa 1929 chupa ya kwanza ikatoka, ikiitwa Shirofuda. Taketsuru aliitengeneza vile alivyofundishwa, na moshi wake wote. Wajapani wakaonja, wakaiacha. Walikuwa wamezoea vinywaji laini vya kusindikiza chakula, na ile harufu iliwashinda. Kampuni ilipata hasara, na Taketsuru akapelekwa kusimamia kiwanda cha bia Yokohama.

Ni vigumu kusema nani alikuwa na haki. Torii alijua kwamba kinywaji kisichonyweka hakilipi mishahara, akafuata ulimi wa wanunuzi wake. Mwaka wa 1937 akatoa Kakubin, chupa ya pembe nne, laini zaidi, nayo ikauzwa sana mpaka leo. Taketsuru aliona kwamba kupunguza kile alichofundishwa ni kurudia ule uongo wa spiriti ya rangi. Miaka kumi ilipoisha, mwaka wa 1934, wakaachana.

Matofaa ya Yoichi

Alikuwa na miaka 40. Akaenda Hokkaido, katika mji mdogo wa Yoichi, katikati ya bahari na milima. Matajiri wachache walimsaidia kwa mtaji. Bibi ya mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa Kiingereza wa Rita.

Shida ya mwenye kuanza wiski ni kwamba anatumia feza leo na anauza baada ya miaka. Ili kuvumilia, Taketsuru akanunua matofaa ya wakulima wa pale, akatengeneza maji ya matunda. Kampuni yake iliitwa Dai Nippon Kaju, ni kusema kampuni kubwa ya maji ya matunda ya Japani. Biashara ile haikuenda vizuri, lakini ilisaidia kampuni kusimama huku mapipa yakingoja. Mwaka wa 1940 wiski yake ya kwanza ikauzwa. Aliiita Nikka, kifupi cha jina la kampuni.

Vyungu vya Yoichi viliwashwa kwa makala ya mawe, mtu akitia makala kwa chepe kila baada ya dakika chache. Waskoti wenyewe waliacha njia hiyo, sababu ni kazi nzito na moto wake ni mgumu kuongoza. Yoichi wanaifuata mpaka leo. Kwenye shingo za vyungu wanafunga kamba ya majani, desturi iliyotoka kwa watengeneza sake. Hivyo nyumba ya baba yake haikusahauliwa.

Vita na bibi mgeni

Vita vya Pili vilipokuja, wiski ya Uskoti haikuingia tena Japani. Jeshi la majini likataka wiski ya Nikka, na kampuni ikapewa shayiri wakati wengine walikosa. Kwa kampuni vita vilileta kazi. Kwa Rita vilileta mateso.

Rita alikuwa raia wa Japani kwa sheria, alisema Kijapani, alivaa na kupika sawa wanawake wa pale. Lakini juu ya sura yake, majirani walianza kumwona mpelelezi wa adui. Polisi walimfuata, nyumba yake ikapekuliwa. Hakuondoka. Yeye na bwana yake hawakupata mtoto wa kuzaa, wakalea binti, na kisha mtoto wa ndugu ya Taketsuru, Takeshi, aliyekuja kurithi kazi.

Rita alikufa mwezi wa kwanza mwaka wa 1961, akiwa na miaka 64. Mwaka uliofuata, Taketsuru na Takeshi walitoa wiski ya Super Nikka kwa kumkumbuka. Mwaka wa 1969 akafungua kiwanda cha pili, Miyagikyo, karibu na mji wa Sendai. Alichagua fasi hiyo baada ya kuonja maji ya mto wake. Huko vyungu vinachemshwa pole pole kwa mvuke, na wiski yake ni laini, yenye harufu ya matunda. Hivyo mtu aliyegombana juu ya moshi alikubali mwishoni kwamba njia ni zaidi ya moja. Alikufa tarehe 29 Agosti 1979, akiwa na miaka 85, akazikwa Yoichi pamoja na Rita, juu ya kilima.

Kwa anayetaka kuanza

Maisha hayo njo yanaonyesha mlango wa kuingilia. Anayependa wiski ya Uskoti yenye moshi na nguvu aanze na Yoichi; ladha ya Campbeltown ya zamani iko karibu na huko. Anayependa zile laini za bonde la Spey, fasi ya Longmorn, aanze na Miyagikyo, ao Yamazaki ya Torii kama mfuko unaruhusu. Asiyejua kuchagua atafute Taketsuru Pure Malt, inayochanganya shayiri ya Yoichi na ya Miyagikyo.

Asikimbilie namba ya miaka kwenye chupa. Mwaka wa 2014 televisheni ya Japani ilionyesha mchezo unaofuata maisha ya Taketsuru na Rita, watu wakanunua kwa wingi, na mapipa ya zamani yakapungua. Mwaka uliofuata Nikka ikaondoa sokoni chupa za Yoichi zenye umri. Chupa isiyo na namba inatosha kwa kujua ladha.

Asome vizuri kile kilichoandikwa. Kwa muda mrefu sheria ya Japani iliruhusu kampuni kununua wiski inchi za nje, kuichanganya, na kuiuza kwa jina la Japani. Mwaka wa 2021 chama cha watengenezaji kiliweka kanuni, inayofuatwa kwa ukamili tangu mwezi wa nne 2024: ili iitwe Japanese Whisky, maji yawe ya Japani, kazi ya kuchachusha na ya kuchemsha ifanyike Japani, mapipa yalale humo si chini ya miaka mitatu, na chupa zijazwe humo. Kanuni hiyo inafunga wanachama tu. Nikka yenyewe inasema wazi kwamba baadhi ya chupa zake, sawa ile ya From the Barrel, hazitimizi yote.

Na mwenye kusitasita akumbuke jambo hili: tangu mwaka wa 1989, kiwanda cha Ben Nevis, huko Fort William, Uskoti, ni mali ya Nikka. Waskoti wa huko wanatumikia sasa kampuni iliyoanzishwa na mwanafunzi aliyebisha hodi Longmorn mwaka wa 1919.